Neema Hakusema

Mwanangu Wakio,

Umetoka sasa hivi kwenda kununua shuka na ile sufuria ndogo, na umesema utarudi saa kumi na moja. Mimi leo nimeomba ruhusa kazini. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na kalamu mkononi, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipojaza fomu za pasipoti yako, kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Miaka kumi na tano nimekuwa nikiandika habari za wazee wa watu wengine: amekula nusu sahani, amekunywa chai, amebadilishwa nguo, amelala vizuri. Natia sahihi, navua aproni, narudi nyumbani. Barua ya kweli sijui kama bado naiweza.

Sitakuandikia habari za koti wala za kula vizuri. Umezaliwa hapa, baridi unaijua kuliko mimi, na wali wako siku hizi hauungui. Masanduku yako mawili yako kwenye korido, nimeyaruka mara tatu tangu asubuhi. Kesho saa nne treni inakuchukua kwenda Newcastle, chuo kikuu, na wenzangu kazini wameninunulia keki kana kwamba anayekwenda kusoma ni mimi. Mama mwingine angekuwa analia kwa furaha. Mimi naogopa. Kuna jambo nililokufanyia, na ukiondoka bila kulijua utaendelea kunipenda kwa sababu ambazo si za kweli.

Nianzie mahali ambapo wewe pia unapakumbuka. Ilikuwa Jumapili, miaka miwili iliyopita, una miaka kumi na sita. Nilikuwa napika kimanga, naponda mihogo na maharagwe kwa mwiko, na dirisha lilikuwa limejaa mvuke. Ulikuja ukasimama kando ya friji. Mimi na wewe tulikuwa na desturi yetu: nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kiingereza, na kila mtu anaridhika. Siku hiyo ulianza kwa Kiswahili. Niliacha kuponda.

"Mama, mimi napenda wasichana," ulisema. "Si kama marafiki. Nimekwambia wewe na Neema tu. Baba nitamwambia mwenyewe nikiwa tayari. Naomba usimwambie mtu."

Nilijua umeyafanyia mazoezi, kwa sababu hukukosea hata neno moja, wewe ambaye mpaka leo unasema "kitabu yangu". Baadaye uliniambia kwamba ulitafuta kwenye simu neno la Kiswahili la mtu kama wewe, ukakuta matusi matupu, ndipo ukaamua kusema tu napenda. Nimelifikiria hilo mara nyingi, wewe chumbani kwako unatafuta neno ambalo mama yako anaweza kulisikia bila kuumia.

"Nimesikia," nilikujibu. "Keti ule, chakula kinapoa."

Ukacheka, machozi yakakutoka, ukala sahani mbili. Ulidhani nimekupokea. Umewasimulia marafiki zako kisa hicho mbele yangu, jinsi mama yako Mtaita alivyosikia jambo zito akajibu kwa kimanga, na wote wanacheka, na mimi nacheka nao. Ukweli ni kwamba sikuwa na neno lingine. Nilikuwa naona vitu vya kijinga: kitenge nilichokuwa nimeshakiweka kwenye sanduku kwa ajili ya harusi yako, vicheko vya watu, uso wa bibi yako ambaye alikuwa ameshakufa na hangeweza kunisema kitu.

Sasa hapa lazima nikueleze jinsi kazi ilivyonilea, si kwa kujitetea, bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwenye nyumba ya wazee hakuna siri. Zamu ikiisha tunakaa kwenye kile chumba kidogo karibu na ngazi, tunakabidhiana. Mzee wa chumba namba tisa amelia leo, anasema mwanawe hamtaki. Hata kama alikunong'oneza sikioni, unalisema, linaandikwa, na anayekuja baada yako analibeba. Ni kanuni nzuri, maana mzee anaweza kukufia mikononi kwa sababu ya jambo ambalo mtu mmoja alilinyamazia. Nimeifuata hadi imeniingia mwilini. Nikishika kitu kizito, macho yangu yanaanza kutafuta nani yuko zamu inayofuata.

Neno lako nilikaa nalo siku nne. Alhamisi ikafika.

Unakumbuka yale maombi ya akina mama kwa simu, saa kumi na moja alfajiri, kabla watu hawajaenda kazini. Ulikuwa unanisikia kupitia ukutani ukanilalamikia. Dada Phoebe ndiye aliyekuwa anatuongoza. Kila mmoja analeta hitaji lake, na tulikuwa na namna yetu ya kulileta ambayo haikuandikwa popote: jambo la aibu hulisemi kuwa ni lako. Unasema "kuna mama mmoja." Kuna mama mmoja mumewe anakunywa. Kuna mama mmoja karatasi zake za ukaazi zimekwama Home Office. Sote tunajua ni nani, sauti si tunaifahamu, na tunaomba kama vile hatujui. Mimi mwenyewe nimekata simu mara ngapi nikampigia mwenzangu tukaanza, unadhani ni nani yule, na tunajua kabisa. Kanuni hiyo niliijua kuliko mtu yeyote. Hata hivyo nilifungua mdomo.

Nilisema, "Kuna mama mmoja kazini kwetu, binti yake wa miaka kumi na sita amemwambia hapendi wavulana." Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Sauti ikakatika, nikalia kilio cha msibani. Nani analia hivyo kwa ajili ya binti wa mwenzake wa kazini?

Hakuna aliyeniuliza kitu. Dada Phoebe akapanga siku saba za kufunga, kila mama akachagua saa yake ya kuomba. Na hili nakwambia kwa sababu nimeamua leo nisibakize kitu: nilijisikia vizuri. Asubuhi ile nilipanda basi kwenda kazini nikiwa mwepesi. Kwa miaka mimi ndiye niliyekuwa mama asiye na mume mbele ya akina mama wenye waume, na siku ile nilihurumiwa kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuhurumiwa, walinitumia ujumbe mchana kutwa, mama jipe moyo, mama tuko nawe. Sikuwa nakuombea wewe, Wakio. Nilikuwa najiliwaza mimi kwa siri yako.

Jumapili ya pili yake Dada Phoebe alikufuata kule nyuma ya ukumbi tuliokuwa tunasalia, kwenye meza ya chupa za chai, watu wamejaa. Mimi nilikuwa jukwaani nakunja vitambaa, nikaona kwa mbali amekushika mikono yote miwili. Nilijua. Nikaendelea kukunja vitambaa. Kabla sijashuka ulikuwa umeshaondoka bila koti lako.

Nilikukuta nyumbani umesimama palepale kando ya friji. Ulinieleza alichokwambia, kwamba usiogope, mrembo, akina mama wote tunakusimamia kwa maombi, hiyo roho itakuachia. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanasikiliza. Ukaniuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama, ulimwambia mtu?"

"Mimi?" nikasema. "Nimwambie nani?"

Hivyo tu. Sikuapa, sikupiga kelele, uongo wenyewe haukuchukua hata nafasi ya kuvuta pumzi. Uliniangalia, na mimi nikageukia sinki nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nyuma yangu nikakusikia unasema, basi ni Neema. Neema ndiye aliyekuwa anawafundisha watoto wadogo pale ukumbini kila Jumapili, alikuwa karibu na Dada Phoebe, ilikuwa rahisi kuamini. Maji yalikuwa yanatiririka, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kufunga bomba na kusema. Nimehesabu mara nyingi huo muda. Uliingia chumbani ukampigia simu, nikakusikia unamwambia usinijue tena, na bado sikusema.

Neema. Yule mtoto aliyekulia kwenye bafu moja na wewe, miaka ile mimi na mama yake tulipokuwa tumepanga nyumba moja, wao kutoka Morogoro chumba cha mbele, sisi cha nyuma, jiko moja. Mlipougua tetekuwanga niliwapaka dawa nyote wawili kwa pamba moja. Ulipoanza kutembea ni yeye uliyekuwa unamfuata, si mimi.

Ungeweza kudhani baya limeishia hapo. Halikuishia. Kama wiki tatu baadaye ulikuja ukalala kitandani kwangu mchana, umelia mpaka uso umevimba, ukasema unamkosa Neema kuliko unavyomchukia. Mlango mwingine huo ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikakupapasa kichwa, nikakwambia, "Watu wengine ndivyo walivyo, mwanangu. Hawana kifua."

Nilisema maneno hayo. Mimi.

Na kuanzia siku ile uliniamini zaidi. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kusema mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili likanifanya nishindwe kabisa. Ulikuwa huna Neema, ukawa na mimi. Jumapili tunalala pale kitandani, unanieleza mambo ambayo mama zangu wadogo hawajawahi kuelezwa na watoto wao. Ulinieleza habari za yule msichana wa darasa la kemia, ulipompenda na alipokuvunja moyo, na nilikuuliza maswali, na ukaniambia mimi si kama mama za wenzako. Ulikuwa unakuja hadi kwenye mlango wa bafu kunisimulia. Nimekuwa na furaha miaka hii miwili kuliko wakati wowote tangu nilipofika nchi hii, na kila sehemu ya furaha hiyo ilikuwa ya Neema. Nilikuwa nimekalia kiti chake.

Kuna siku ulimwambia mtu mbele yangu kwamba mama yako aliacha ushirika wake kwa ajili yako. Kweli nilitoka, nikahamia kanisa la Waingereza kule juu barabarani ambako tunaimba kwa sauti ya chini kama wagonjwa. Ulijivunia hilo. Ukweli ni kwamba sikukusimamia, nilikimbia. Niliogopa siku moja mmoja wa akina mama angekwambia kwa nia njema kabisa, mama yako alivyolia kwa ajili yako alfajiri ile.

Sasa ngoja nikueleze jambo la zamani, ujue kwamba sikufanya haya kwa kutojua yanavyouma.

Nilipokuwa kidato cha tatu, kule Wundanyi, nilipata mimba. Hujawahi kusikia hilo kwa sababu hakuna mtu wa kulisema. Kijana mwenyewe jina lake halina maana tena. Nilimwambia bibi yako tukiwa uani tunapukuchua maharagwe, mimi naangalia ungo, yeye anaangalia mikono yake. Nilimwomba anipe muda. Akasema, "Nimesikia." Neno lilelile. Nikashukuru mpaka nikataka kumbusu miguu. Siku ya Jumapili, baada ya matangazo, mchungaji akasoma jina langu lote, la ubatizo na la baba, kwamba nimetengwa na meza ya Bwana mpaka nitakapotubu. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa anaangalia kitabu cha nyimbo, hakijafunguliwa.

Nilikaa benchi la nyuma kabisa na wengine waliotengwa, mzee mmoja mlevi na mwanamke aliyeolewa mitala. Mimba ilipofika miezi mitano ikatoka. Wakanirudisha kundini, nikasimama mbele wakaniwekea mikono, wakapiga vigelegele, na mama yangu aliimba kwa nguvu kuliko wote. Alifurahi kweli. Alidhani amenisaidia, alidhani jambo lile lilikuwa kubwa kuliko yeye, kwa hiyo akalipeleka kwa wakubwa. Sikumwambia tena jambo langu lolote la maana hadi alipokufa. Hata nilipopata kazi ya huku alijulishwa na shangazi yangu.

Nilipokwenda kumuuguza, mwaka ule ulipokuwa darasa la nne, aliniuliza siku moja nikimsafisha, kama nilimchukia. Nikamwambia hapana, mama. Akafunga macho. Sote wawili tulijua ni uongo wa adabu, na hatukuwa na kitu kingine cha kupeana. Sitaki siku moja unisafishe mimi na kunipa jibu kama hilo, Wakio. Hiyo ndiyo sababu moja ya barua hii. Nitakuwa mkweli, si nzuri sana, maana hata hapo najifikiria mimi.

Sababu nyingine ni Neema mwenyewe.

Unajua anafanya kazi duka la dawa pale mtaa wa maduka, ndiyo maana unavuka barabara kabla hujafika pale. Mimi sikuwa navuka. Nilikuwa nazunguka kabisa, napita nyuma ya stesheni ya treni, hata kwenye mvua. Mwezi uliopita kifua kilinibana, dawa yangu ikapelekwa pale, sikuwa na jinsi. Alikuwa kaunta. Amekua, amesuka nywele ndogondogo, amevaa miwani. "Shikamoo mama," akasema, nikaitika marahaba, akasoma anwani yangu kwenye mashine kana kwamba haijui, akaniuliza kama nimewahi kutumia dawa hizi. Aliponipa mfuko akauliza polepole, "Wakio amepata chuo?" Nikamwambia amepata. Akatabasamu, tabasamu la kweli, akasema, "Nilijua atapata." Nilitoka nikasimama nje ya duka la vitambaa nikiwa nimeshika ukuta, mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nataka kiti.

Mama yake anaamini mpaka leo kwamba binti yake alitoa siri ya mwenzake. Yeye alikuwa haingii kwenye yale maombi, saa hizo alikuwa ameshaanza kusafisha maofisi, kwa hiyo hakunisikia. Aliyasikia kwako, ulipokwenda kurudisha vitu vya Neema mlangoni. Alimgombeza mtoto wake mbele yako, unakumbuka, na uliponisimulia niliendelea kumenya vitunguu. Walimu wengine wa shule ya Jumapili wakaanza kumwogopa pia, maana aliyetoa ya rafiki yake atatoa ya nani. Akaacha kuwafundisha wale watoto aliowapenda. Mimi nilikuwa nasikia habari zote hizo, zinanifikia moja moja.

Leo asubuhi ulipokuwa bado umelala nilikwenda. Nilimngoja hadi alipotoka kwa mapumziko. Aliponiona akadhani dawa zimenidhuru. Tulikaa kwenye benchi la kituo cha basi, mabasi yanapita, na nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa lakini bila mpangilio. Alikuwa na sandwichi mkononi hakuila. Nilipomaliza nikamwambia nitakwambia leo, na kwamba anaweza kunitukana, nimekuja kwa ajili hiyo.

"Nilijua, mama," akasema.

Nikamuuliza alijuaje. Akaniangalia kama mtu anayemweleza mtoto mdogo.

"Tulikuwa wawili tu tuliojua. Mimi sikusema."

Wakio, miaka miwili sikuwa nimefikiria hilo. Nilijishughulisha sana na kujificha mbele yako, nikasahau kwamba kuna mtu mmoja ambaye siwezi kujificha kwake, kwa sababu alijua mikono yake ni misafi. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Kwa nini alikubali kugombezwa, kuachwa, kuitwa hana kifua na mama yake mzazi. Aliangalia saa, kwa sababu mapumziko yao ni dakika kumi na tano na meneja ni mkali.

"Nilimwambia si mimi, hakuniamini. Ningemwambia ni wewe, na akaniamini, angebaki na nani?" akasema. "Mimi nina mama yangu, hata akigomba. Wakio alikuwa na wewe tu."

Kisha akaniuliza unaondoka saa ngapi. Nikamwambia kesho saa nne. Akaitikia kwa kichwa, akaifunga ile sandwichi kwenye karatasi yake, akarudi kazini.

Ndiyo hivyo. Mtoto wa miaka kumi na saba alikubali kuonekana mbaya ili wewe uwe na mama, na mama mwenyewe ndiye mimi. Nimekaa na maneno yake tangu asubuhi, na sijapata namna ya kuyaweka yakae vizuri.

Sina ushauri wa nani wa kumwamini huko uendako, ningekuwa na uso wa mbuzi kukupa. Baba yako, huko Mombasa aliko na familia yake, hajasikia kitu kutoka kwangu. Hilo moja nililishika, na sikuandiki ili unisifu, ila ujue kwamba bado ni lako, la kumwambia siku utakayotaka au usimwambie kabisa. Na kuhusu wewe na wasichana, sitakudanganya hapo pia. Kuna siku naelewa na kuna siku sielewi. Bado naomba kila asubuhi, ila zamani nilikuwa naomba ubadilike, na sijui ni lini hasa niliacha, nikajikuta naomba tu upate mtu wa kukupikia ukiumwa. Kile kitenge bado kiko kwenye sanduku. Ni chako, kwa harusi yoyote au kwa mapazia.

Nilitaka kuiweka barua hii chini ya nguo zako za baridi, uikute Newcastle, mlango wa chumba chako kipya umefungwa na mimi niko mbali maili mia kadhaa. Nilikuwa nimeshaikunja. Halafu nikaona ni ujanja uleule, kumwachia mtu mzigo wakati zamu yangu imeisha na kuondoka. Kwa hiyo nimeifunua tena nimalizie, na nitaiacha hapa mezani, chini ya kikombe chako. Mimi nitakuwa chumbani, mlango wazi, sijalala. Ukitaka kunipigia kelele, majirani hawapo. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakubebea masanduku hadi kwenye lifti na sitakuuliza kitu.

Lakini usianze na mimi, Wakio. Mimi nipo tu, leo na kesho na ukirudi Krismasi kama utarudi. Neema anatoka kazini saa kumi na mbili, na ukirudi wakati uliosema, utakuwa umemaliza kusoma saa kumi na moja na nusu. Kutoka hapa hadi dukani ni dakika kumi, ukipita njia fupi. Koti lako liko nyuma ya mlango.

Mama yako